Sura ya Kumi na Moja: Yule Bwana Mhakiki

Kompyuta iliandika kwamba imebakiza dakika arobaini kuikamilisha picha. Macho aliitazama tarakimu ile akaona kama inamfanyia makusudi. Alikuwa amengoja mwaka mzima na miezi miwili bila kulalamika, au tuseme alilalamika kwa kiasi, lakini dakika hizi arobaini zilimshinda. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani kuangalia wanafunzi wakivuka uwanja kwenda kula chakula cha mchana. Aliporudi, kompyuta ilikuwa imebakiza thelathini na tisa.

Chuoni walimwita Macho kwa sababu yeye ndiye aliyepelekewa picha ambazo wenzake wamezikodolea macho hadi wakachoka. Kazi yake ilikuwa kufukuzia milipuko. Huko mbali, mbali kiasi kwamba mwanga hutumia mabilioni ya miaka kufika kwetu, nyota kubwa hufa kwa mlipuko mmoja wa miale ya gama, na mara nyingi mlipuko wenyewe huisha kabla mtu hajamaliza kufunga kamba za viatu. Kinachobaki ni mng'ao unaofifia siku hadi siku. Watu kama Macho huuwahi kwanza kabla haujapotea, kisha hungoja upotee kabisa, ndipo waweze kuona galaksi ambamo ile nyota ilikuwa ikiishi. Mng'ao ukiwa bado unawaka, unaona taa tu, nyumba huioni.

Mlipuko huu wa kwake aliuwahi akiwa kwenye foleni ya kupimwa miwani. Simu ilitetemeka, akatoka nje mbio, na kwa simu hiyohiyo akaiagiza darubini iliyo upande wa pili wa dunia, ambako kulikuwa usiku, igeuke na kutazama. Miwani hakuipata siku hiyo. Alipata mng'ao, na pembeni yake kabisa, galaksi kubwa, angavu, yenye mikono mizuri iliyojikunja. Macho aliandika makala kwamba hayo ndiyo makao ya mlipuko wake. Galaksi ile haikuwa mbali sana, kwa hiyo mlipuko nao ulikuwa wa karibu, na dhaifu kuliko wote waliowahi kupimwa. Ulikuwa ugunduzi. Profesa wake alimshika mkono kwa mikono miwili.

Kisha makala ikaenda kwenye jarida, na mhariri akaipeleka kwa mhakiki. Katika kazi hii mhakiki hatajwi jina. Anajua nani kaandika, lakini mwandishi hajui nani anamhakiki. Huyu wa Macho aliandika kurasa mbili za upole mtupu. Alisema galaksi kubwa iliyo karibu na mng'ao yaweza kuwa jirani tu machoni, na kwamba huenda kuna nyingine, ndogo na ya mbali sana, iliyofichwa na mng'ao wenyewe. Mwandishi angoje mng'ao ufe, apige picha ndefu, ndipo aseme. Macho alimjibu kwa hesabu, kurasa tano. Jibu la pili likaja vilevile, kwa upole uleule, na upole ule ndio uliomchoma zaidi.

Tangu hapo akampachika jina, Yule Bwana. Akamfanya kichekesho cha kila siku. Yule Bwana akipewa mkono wa salamu, huomba uthibitisho. Yule Bwana siku ya harusi yake ataagiza bibi arusi apigwe picha upya. Mchumba wake alikuwa akicheka mpaka anavua miwani.

Lakini ndani ya moyo wake Macho hakuwa akicheka. Bila makala kupita hakuna shahada, na bila shahada hakuna ndoa. Marehemu baba yake alimwachia dada yake, shangazi wa Macho, neno moja: binti asome amalize, ndipo aolewe. Shangazi alilishika neno hilo kwa mikono yote miwili. Na mchumba alikuwa amepata kazi kwenye darubini ya nchi nyingine, mkataba wa miaka mitatu, na zilikuwa zimebaki wiki kumi aondoke. Walikuwa wameshapiga hesabu. Picha ikitoka leo na Yule Bwana akaridhika, kila kitu kingewahi.

Mlango ulifunguliwa polepole. Hakuhitaji kugeuka kujua ni nani. Mchumba wake alikuwa mhadhiri wa mambo ya galaksi katika chuo cha pili cha mji huo, na wote walimwita Taratibu, kwa sababu hata chai aliikoroga kana kwamba anatahiniwa.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Bado nusu saa. Njoo ukae, ushuhudie Yule Bwana akiumbuka."

Hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti, mikono juu ya egemeo, na Macho akaona vidole vyake vimekaza.

"Zima skrini," alisema.

"Nimengoja mwaka mzima halafu nizime?"

"Sio kompyuta. Skrini tu. Sitaki picha ifunguke kabla sijamaliza kusema."

Macho alimtazama vizuri. Uso wa mtu huyu aliujua kuliko anga lolote, na leo ulikuwa na kitu ambacho hakukijua. Alizima skrini.

"Una mke mahali?"

"Sina."

"Basi sema. Mengine yote nitayamudu."

"Yule Bwana ni mimi."

Alicheka. Ndilo jambo la kwanza Macho alilofanya, alicheka kicheko chake cha kawaida, akangoja naye acheke. Taratibu hakucheka. Kicheko cha Macho kilikatikia katikati.

"Rudia," alisema.

"Makala yako ililetwa kwangu. Mara ya kwanza nilikuwa sikujui, nilikuwa naliona jina tu. Nikaandika nilichokiona. Miezi miwili baadaye ukaja kutoa mhadhara chuoni kwetu, ukaisoma ile barua yangu kwa sauti ya kubana pua. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mimi nilikuwa safu ya tatu."

"Na wewe ulicheka."

"Nilicheka. Ulikuwa unachekesha. Baada ya pale nikaja kukuuliza swali, swali la kijinga tu, ili nisimame karibu na wewe."

Swali hilo Macho alilikumbuka. Mara ngapi amewasimulia marafiki zake swali hilo. Alihisi joto linampanda shingoni.

"Hayo ni ya barua ya kwanza," alisema. "Barua ya pili ulikuwa unanijua."

"Nilikuwa nakujua."

"Ilinifika Jumatatu. Nakumbuka, maana sikula siku ile." Alianza kuhesabu kwa vidole, polepole, na alipofika kidole cha tatu alisimama. "Jumamosi iliyotangulia tulikuwa kwa shangazi."

"Ndiyo."

"Ndiyo siku ya kwanza nilipokupeleka. Shangazi akakwambia makala ya huyu binti ikipita tu, lete wazee wako."

"Ndivyo alivyosema."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia asante."

"Ukanywa chai."

"Vikombe viwili."

"Kisha ukarudi kwako ukaandika kwamba makala isipite."

"Niliandika Jumapili. Nilianza asubuhi, nikamaliza jua linazama. Ukurasa mmoja na nusu."

"Sheria inasema ukishakuwa na uhusiano na mwandishi unamwambia mhariri, unatoka, anapewa mwingine. Hilo hulijui?"

"Nalifundisha."

"Basi kwa nini?"

"Niliogopa." Alisema hivyo bila kujitetea. "Kumwambia mhariri kungekuwa sawa na kukwambia wewe, na ndiyo kwanza tulikuwa tumeanza. Na kuna jingine, hili ni baya zaidi. Nilijua mhakiki mwingine angeweza kuipitisha. Hesabu zako ni nzuri. Ingepita, ungepata shahada, tungeoana, na mimi ningekuwa nalala na wewe kila siku nikiamini jina lako limekaa juu ya kosa. Nikajiona ni mimi peke yangu ninayeweza kulizuia. Kiburi, ukitaka jina lake."

"Ungeweza kuniambia uso kwa uso. Taratibu, nilikuwa nakaa jikoni kwako namtukana mtu huyo, na wewe unanikatia kitunguu."

"Najua."

"Mwaka mzima."

"Kila mara nilisema leo. Kisha unacheka, na mimi nashindwa."

"Na kwa nini umeweza sasa hivi? Umekuja nusu saa kabla ya picha. Kwa nini usingoje?"

Taratibu aliivua miwani, akaishika tu. "Kwa sababu baada ya dakika ishirini tutajua. Nikikwambia baadaye na ikawa nilipatia, nitakuwa nimekuja kujisifu. Ikawa nilikosea, nitakuwa nimekuja kuombea huruma. Nimetaka nikwambie nikiwa sijui."

Macho alipiga moyo konde. Alitaka kupiga kelele, alitaka kumshika mkono, na kwa kuwa hakuweza kufanya yote mawili aliinuka akafungua mlango.

"Toka," alisema.

"Mpenzi..."

"Toka. Na leo uharakishe."

Alitoka. Macho alizisikia hatua zake kwenye korido, za haraka kweli, na jambo hilo likamuuma pia, kwa sababu hakuwahi kumsikia akienda hivyo.

Alipokuja kuwasha skrini baada ya muda, picha ilikuwa tayari imeshakamilika. Picha thelathini na sita za dakika kumi kumi zilikuwa zimepangwa moja juu ya nyingine mpaka chengachenga zote za mashine zikafutika, na kilichobaki kilikuwa anga tupu la kweli. Galaksi kubwa ilikuwa palepale, na mikono yake mizuri. Macho alichukua picha ya zamani, ile ya siku ya foleni ya miwani, akailinganisha na mpya nyota kwa nyota, kisha akachora duara dogo jekundu mahali mng'ao ulipokuwa.

Ndani ya duara kulikuwa na doa.

Lilikuwa dogo, hafifu, limepinda upande mmoja. Mtu mwingine angelipita, lakini Macho hakulipita. Ili kuhakikisha si kasoro ya mashine, alizigawa picha mafungu mawili, kumi na nane huku na kumi na nane huku, akayapanga upya kila fungu peke yake. Doa lilikuwa katika yote mawili. Alipima rangi yake, na rangi ikamwambia kwamba kile kitu ni galaksi nyingine iliyo mbali sana, nyuma kabisa ya galaksi yake nzuri, ambayo ilikuwa imesimama njiani tu kama mpita njia anayejitokeza kwenye picha ya harusi ya watu. Mlipuko haukuwa wa karibu. Haukuwa dhaifu. Ulikuwa mlipuko kama mingine, na ugunduzi ambao profesa alimshikia mkono kwa mikono miwili haukuwapo tena.

Macho alilia. Hakujua analilia kipi kwanza, mlipuko wake au mchumba wake, na hakuona haja ya kupanga foleni.

Jua lilikuwa bado kali alipofika kwa shangazi. Shangazi alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na moja, na tangu astaafu hakuacha tabia ya kukaa karibu na mlango, kama mtu anayeweza kuitwa wakati wowote. Leo alikuwa akishona vifungo vya koti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umelia."

"Vumbi la njiani."

"Mwanangu, sura ya mwanamke aliyelia mimi nimeisomea. Kaa hapo. Picha imekataa?"

Macho alikaa akamweleza yote. Shangazi hakumkatiza hata mara moja. Alishona kifungo cha kwanza, akashona cha pili, na Macho alipofika kwenye Jumamosi ya vikombe viwili vya chai, sindano ilisimama.

"Ngoja hapo," alisema shangazi. "Alikunywa chai yangu. Akanisikia nikimwambia makala ikipita alete wazee. Akaenda kwake akaandika isipite."

"Ndiyo."

"Na alijua kwamba akikukatalia wewe, anajikatalia yeye."

"Alijua."

"Na picha inasemaje? Nani alikuwa sahihi?"

"Yeye."

Shangazi aliirudisha sindano kwenye kitambaa, bila haraka. "Mimi yule kijana sikumpenda, na wewe unajua. Nilimwona hana msimamo. Kila nikimpa neno, asante, nikimwongeza, asante. Nikajiambia huyu ataendeshwa na kila mtu, mpaka paka wa jirani. Kumbe alikuwa anasema asante huku ana lake moyoni."

"Kwa hiyo leo ndio umempenda?"

"Sijasema hivyo, usinilishe maneno. Nimesema nilimkosea katika jambo moja. Kuna la pili, na hilo la pili silijui dawa yake."

"Lipi?"

"Wewe ndiye unalijua. Ndilo lililokuleta hapa saa hizi na macho mekundu, sio hiyo galaksi."

Macho aliinamisha kichwa. "Alicheka na mimi, shangazi. Mwaka mzima nilikuwa namsema Yule Bwana, na yeye anacheka na mimi. Nilidhani tunacheka wawili. Kumbe nilikuwa nacheka peke yangu."

"Hapo sasa umesema," shangazi alijibu kwa sauti ya chini.

Nje mtu alikuwa akiburuta ngazi ukutani. Baadaye Macho alisema lile lililokuwa limemkaa kooni tangu atoke chuoni.

"Tukinyamaza, kila kitu kinapita. Nabadilisha matokeo, naweka picha mpya, makala inarudi kwa mhakiki, na mhakiki ni yeye. Wiki ijayo ataipitisha. Nitapata shahada, tutaoana kabla hajaondoka. Hakuna atakayejua."

"Na mkisema?"

"Mhariri atafuta uhakiki wote. Anampa mtu mpya, anaanza mwanzo. Miezi mitano, au zaidi. Yeye ataondoka bila mimi. Miaka mitatu, shangazi. Huwezi kuilegeza ile ahadi ya baba, hata kidogo?"

Shangazi aliuweka uzi chini. Uso wake ulilainika, lakini kichwa alikitikisa.

"Ningekuwa nimejiahidi mwenyewe, ningeivunja leo hii, tena kwa furaha. Lakini nilimwahidi mtu ambaye siwezi kwenda kumwomba ruhusa. Nisamehe, mwanangu."

Macho aliuchukua mkono wake akaubusu. Hakuwa na hasira naye. Hasira yote ilikuwa kwa Taratibu, na Taratibu alikuwa upande wa pili wa mji.

Asubuhi iliyofuata alikwenda chuoni kwa Taratibu kabla ya vipindi kuanza. Ofisi yake ilikuwa nyembamba, vitabu mpaka kwenye kingo za dirisha, viti viwili, kimoja kimebeba karatasi za mitihani. Taratibu alikuwa amevaa shati la jana. Alipomwona alisimama, akagonga goti kwenye meza, akajifanya hakuumia.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja. Kabla hujaniuliza chochote, nijibu mimi. Umemwandikia mhariri?"

"Nimeandika. Jana jioni." Alimgeuzia kompyuta. "Sijatuma. Ni jina lako pia litakaloguswa, nilitaka kwanza nikusikie."

Macho alisoma. Ilikuwa barua fupi. Ilitaja tarehe waliyokutana, tarehe ya barua ya pili, na siku walipochumbiana. Hakujisingizia ugonjwa wala kazi nyingi. Aliandika kwamba alijua sheria na hakuifuata, na kwamba mwandishi hakujua lolote mpaka jana mchana.

"Na tukinyamaza?" aliuliza Macho.

"Tukinyamaza, ukinitumia makala naipitisha. Iwe picha imesema nini, umeshaipiga, umefanya kila nililoomba. Ikifika wiki ya pili naleta wazee kwa shangazi."

"Wewe unataka lipi?"

"Nataka kukuoa. Nimetaka hivyo tangu siku uliponicheka mbele ya ukumbi mzima."

"Sikukuuliza hivyo."

Taratibu alitazama mikono yake. "Nataka kutuma," alisema. "Sitaki shahada yako iwe na mhuri wa mumeo. Ila ukiniambia nisitume, sitatuma, na nitabeba mimi."

"Tuma."

"Nitakuwa nimeshaondoka kabla mhakiki mpya hajafungua bahasha."

"Najua kuhesabu. Tuma."

Alituma. Macho alikiona kidole chake kinashuka, na barua ikatoweka kwenye skrini. Wiki kumi walizokuwa wamezipangia ukumbi, nguo na tiketi mbili ziliondoka nayo. Lakini akahisi kwamba kwa mara ya kwanza tangu jana mchana anaweza kumtazama mtu huyu bila kugeuza uso.

"Naweza kuiacha ile kazi," alisema Taratibu. "Nikabaki. Nikangoja hapa na wewe."

"Usinilipe. Umeitafuta kazi hiyo miaka minne. Ukibaki kwa ajili ya deni, nitakuwa nakuona kama mfungwa."

"Sio deni."

"Ni deni, na mimi ndiye ninayekudai. Sijakusamehe kile kicheko. Yale ya makala nimeyamaliza jana, nimeyalia yakaisha. Kicheko bado. Usiku nililala nakisikia."

"Itachukua muda gani?"

"Sijui. Usinihimize."

"Sijawahi kumhimiza mtu."

Midomo ya Macho ilitaka kumsaliti, akaiuma. "Usinichekeshe. Huna ruhusa hiyo kwa sasa."

Akafungua mkoba akatoa karatasi moja. Ilikuwa ukurasa wa mwisho wa makala mpya, aliyoiandika upya tangu alfajiri. Makala za kazi yao humalizika kwa aya ya shukrani. Huwashukuru wenye darubini, huwashukuru waliowapa kompyuta, na karibu zote huwa na sentensi ileile ya kumshukuru mhakiki asiyejulikana, ambayo watu huiandika bila kuwaza. Macho alimwekea karatasi mbele yake, akaweka kidole kwenye aya ya chini.

"Soma hapo."

Taratibu alivaa miwani. Alisoma kama alivyozoea, neno kwa neno, na Macho, ambaye alikuwa akiichukia tabia hiyo kwenye orodha za vyakula na mabango ya barabarani, safari hii alishukuru, maana alitaka kumtazama akisoma. Ilikuwa imeandikwa hivi:

*Mwandishi anamshukuru mhakiki wa kwanza wa makala hii. Alisema kweli kuhusu galaksi hii, na hakusema kweli kuhusu yeye mwenyewe, na mwandishi alijifunza kwa yote mawili. Mhakiki huyo ni mchumba wa mwandishi.*

Akarudi juu, akasoma tena. Macho alijua kilichokuwa katika sentensi ya pili. Tangu jana hakuwa amemwambia lolote kuhusu picha, na yeye hakuuliza. Mwaka mzima mtu huyu alikuwa amengoja kujua kama kuna galaksi nyuma ya mng'ao ule, ameitolea Jumapili nzima na harusi yake mwenyewe, na sasa jibu lilikuwa mbele yake, limeandikwa wazi kwamba alikuwa sahihi. Alijiambia: akianza kuuliza kuhusu galaksi, nitamwelewa, hata mimi ningeuliza, lakini nitaichukua karatasi yangu niondoke.

Kidole cha Taratibu kiliipita sentensi ya pili. Kilifika mwisho wa aya, kikakaa hapo.

"Hii itachapishwa nikiwa sipo," alisema. "Hili neno la mchumba. Bado litakuwa kweli?"

Macho alikiinamia kile kiti cha pili, akazichukua karatasi za mitihani akaziweka sakafuni, akakivuta mpaka kikagusana na cha Taratibu.

"Sogea," alisema. "Nikuonyeshe galaksi uliyoipata."